Bakteria Waliochelewa Kuota

Mke wangu alivunjika mguu akiwa kazini, na kazi yake ni kuchezesha mpira. Ni refa. Mtaa mzima unamwita hivyo, na hata mimi mumewe nikimwita kwa jina lake hageuki upesi. Siku hiyo ilipigwa kona, akarudi kinyumenyume apate kuona vizuri, na beki mmoja mwenye mwili wa kabati akamwangukia. Mfupa wa muundi ulilia kah! Uwanja mzima ukasikia. Refa, akiwa chini jasho linamtiririka, akapuliza kipenga, akanyoosha kidole kwenye kitone cha penalti, ndipo akazimia. Hadi leo kuna watu wanabishana kama ile ilikuwa penalti halali. Kuhusu mguu hakuna aliyebisha.

Hospitalini, daktari wa mifupa, mwanamume mrefu anayeinamia kila mlango hata usiohitaji kuinamiwa, alimfungia bamba la chuma na skrubu saba. Mfupa ukaanza kuunga. Kidonda kikafunga, mshono ukabaki kama zipu ya sketi. Mimi ni kinyozi, ngozi za watu nazijua, niliutazama ule mshono nikasema, "Hapa watu wamefanya kazi." Nilisema mapema mno.

Mwezi wa tatu, pembeni mwa mshono kikatokea kitundu, kama kilichotobolewa na sindano ya cherehani. Kilitoa majimaji ya manjano, kidogo tu, ya kulowesha soksi. Akapewa vidonge vya wiki mbili. Kitundu kikakauka, tukafurahi. Wiki tatu baada ya kumaliza vidonge, soksi ikalowa tena. Akapewa vingine, vikubwa kama maharage. Kikakauka. Kikarudi. Kilikuwa kama mgeni asiyejua kuaga: unamsindikiza hadi mlangoni, mara anakumbuka kuna kitu amesahau ndani.

Sasa niwajulishe dada yangu. Ni mkubwa wangu, na anafanya kazi maabara ya hospitali hiyohiyo. Tangu tukiwa watoto ni mtu wa kuchunguza: ukimwambia sahani umeosha, anaiinua kwenye mwanga. Yeye ndiye aliyekuwa akipokea usaha wa wifi yake, akaupaka kwenye visahani vyenye chakula cha bakteria, akaviweka kwenye kabati la joto na kusubiri aone kama kuna kitakachoota. Mara tatu alipima. Mara tatu akaandika maneno yaleyale na kutia sahihi chini yake: Hakuna bakteria walioota.

Daktari ni mtu wa vipimo. Mara ya kwanza alisema labda ni uzi wa mshono unaousumbua mwili. Mara ya pili aliongeza tu vidonge vingine. Mara ya tatu alimtazama Refa juu ya miwani yake.

"Mama, vidonge unamaliza kweli?"

Swali hilo tulirudi nalo nyumbani, likakaa kwetu kama jamaa aliyekosa nauli ya kurudi kwao. Nakiri mbele yenu: nilianza kumpeleleza mke wangu. Akiingia kuoga, mimi mkono kwenye mfuko wa dawa, nahesabu vidonge. Hesabu ilikuwa sawa kila siku. Lakini mtu akishaanza kushuku, hata hesabu iliyo sawa anaiona ina hila. Asubuhi moja nikifagia chini ya kitanda, nikakuta kidonge kimoja kimejiviringisha kwenye vumbi. Nikakitia mfukoni kama polisi aliyepata ushahidi.

Jumapili Dada akaja kula kwetu. Tulipomaliza akaweka kijiko chini, akajifuta mikono.

"Wifi, hapa hakuna mgeni, tuambiane ukweli. Dozi unamaliza?"

"Namaliza."

"Yote?"

"Wifi, namaliza."

Nami, adui wa amani yangu mwenyewe, nikakitoa kile kidonge, nikakiweka mezani kati ya chumvi na jagi la maji.

Refa alikitazama. Kisha akanitazama mimi.

"Kilinidondoka siku ile uliponiita kwa ukelele, eti nyoka kaingia bafuni. Kumbe ni mkanda wako wa suruali. Nikameza kingine, na siku hiyohiyo nikaenda famasi kujazia kimoja. Kwa hiyo umekuwa ukinipekua?"

Nilichota chumvi nikaitia kwenye sahani tupu.

"Wifi, usikasirike," Dada alisema. "Visahani havina upendeleo. Hakuna kilichoota."

"Basi mwongo ni mimi."

Alichukua magongo yake akaenda chumbani. Mlango hakuubamiza. Aliufunga taratibu, na heri angeubamiza.

Jumatatu asubuhi nilimkuta ameshavaa, ameketi ukingoni mwa kitanda, magongo mapajani.

"Nipeleke maabara."

"Kufanya nini?"

"Nipeleke."

Nikabandika karatasi mlangoni pa duka langu la kunyolea, NARUDI SASA HIVI, tukaenda. Maabara ile iko mwisho wa korido ndefu. Inanuka spiriti, na chini ya spiriti kuna harufu nyingine, kama mkate uliosahauliwa kwenye mfuko. Kabati la joto linanguruma pembeni kama friji. Dada alitoka na glavu mikononi, akasimama mlangoni kutuziba njia.

"Wifi, humu huruhusiwi kuingia."

"Nitasimama hapahapa. Nionyeshe tu. Nimechoka kusomewa matokeo ya mechi ambayo sikuiona."

Dada aliguna, lakini alileta kisahani cha mgonjwa mwingine. Ndani, juu ya chakula chekundu, kulikuwa na madoa ya manjano ya dhahabu, manene, yamejipanga kama punje za mtama.

"Hawa ndio wanaopenda mifupa na vyuma," alisema. "Ukiwapanda jioni, kesho yake wamejaa."

"Na kisahani changu?"

"Tumeshatupa. Tunasubiri saa arobaini na nane. Kisipoota kitu, tunatupa."

"Nani amepanga saa arobaini na nane?"

"Ndiyo utaratibu, wifi. Bakteria wengi hata siku moja inawatosha."

"Wengi. Na wachache je?"

Dada akakigeuzageuza kile kisahani mkononi.

"Mimi wachezaji wakinichelewesha uwanjani naongeza dakika," Refa alisema. "Nyie mnapuliza cha mwisho, mnazima taa, mnakwenda zenu. Mnasema hawajaota. Mnajuaje? Labda wamelala humo, wanaota ndoto!"

Dada alicheka. Hakutaka kucheka, kilimponyoka tu. Halafu nikaona kicheko kinakatika katikati, kama redio iliyoishiwa betri. Baadaye aliniambia alikuwa amekumbuka kitu: ukurasa mmoja waliousoma chuoni, wa bakteria wanaoota kwa kujivuta. Waliusoma kwa ajili ya mtihani, mtihani ukapita, na ukurasa ukapita nao.

"Sawa," alisema. "Nitaongea na daktari. Utakaa wiki mbili bila kidonge hata kimoja, tusije tukawa tunawaua hata kabla ya kuwapima. Halafu atachukua sampuli ndani kabisa, karibu na chuma. Nitaisubiri hata siku kumi ukitaka. Lakini isipoota, wifi, tutaongea lugha nyingine."

"Ikiota nayo, tutaongea," Refa alijibu.

Zile wiki mbili mimi ndiye niliyekonda. Mke wangu alikuwa na joto kidogo la mwili na hasira nyingi. Chai alinipa, salamu alinipa, hadithi hakunipa. Kinyozi ni mtu wa hadithi. Ukimnyima hadithi nyumbani anakwenda kuwachosha wateja.

Siku ya sampuli ilifika. Daktari aliingiza sindano ndefu hadi kwenye chuma, Refa akimwangalia bila kupepesa, kama anayesubiri afanye rafu. Dada akagawa kile alichopewa kwenye visahani vinne, akabandika utepe wa karatasi na kuandika kwa herufi kubwa: USITUPE. VYA WIFI.

Kuanzia hapo akawa ananitumia ujumbe. Siku ya kwanza: "Kweupe." Siku ya pili: "Kweupe. Utaratibu unasema nitupe. Sijatupa." Siku ya tatu: "Mwambie wifi aanze kuandaa msamaha wake." Sikumwambia. Siku ya nne ujumbe ulichelewa hadi adhuhuri: "Kuna kama vumbi. Huenda macho yangu yamechoka. Nyamaza."

Nikanyamaza. Siku ya tano hakukuja ujumbe, wala ya sita. Nikampigia, simu ikaita hadi ikachoka. Kwa siku sita nilinyoa watu mawazo yako mbali, nikamwacha mwalimu mmoja mstaafu na sharubu upande mmoja mfupi kuliko mwingine.

Ndiye huyohuyo mwalimu aliyekuwa kwenye kiti, amerudi nisawazishe, Dada alipoingia siku ya kumi na moja. Hakuwa amevua koti la maabara. Alikaa kwenye benchi la wateja kama mtu aliyeitwa kwa mkuu wa shule.

"Wapo," alisema.

Mashine ikabaki hewani mkononi mwangu.

"Siku ya tano niliwaona wazi. Vitone vidogo, vidogo kuliko ncha ya kalamu, havina hata rangi. Nikamwita mkuu wangu. Akasema ni uchafu wa hewani. Nikamwambia, uchafu gani huo unaoangukia visahani vinne sawasawa? Nikawachukua, nikawapanda upya, nikasubiri tena. Nikaweka karatasi ndogo yenye kirutubisho wanachoshindwa kujitengenezea. Kaka, walinenepa! Pembeni mwa karatasi tu, kwingine kote wamedumaa. Ni walewale wa dhahabu niliowaonyesha siku ile. Walewale tunaotembea nao puani kila siku. Ila hawa wamejifunza kujivuta."

"Kwa nini wajivute?" Mwalimu aliuliza chini ya shuka. Ualimu hauna kustaafu.

"Kwa sababu wanaojivuta ndio wanaopona, mwalimu. Dawa nyingi zinamnasa bakteria akiwa kazini, anapojenga, anapozaana. Huyu mvivu inampita. Anajificha ndani ya chembe za mwili wenyewe, anajibanza kwenye chuma, anakula kidogo. Dawa inawafagia wenzake wote, mgonjwa anaona nafuu. Vidonge vikiisha, baadhi yao wanazinduka na kurudia mbio zao za zamani. Kidonda kinafunguka."

"Simba mwenda pole," alisema mwalimu, "ndiye mla nyama."

"Ndiye huyo. Na mimi nikaandika mara tatu kwamba hayupo."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Dada yangu sijamwona akilia tangu mazishi ya mama, na hata siku hiyo hakulia, lakini aliifuta ile miwani kwa muda mrefu kuliko uchafu wake.

"Nitaanzaje, kaka? Nilimwita mwongo mezani kwake, nikiwa nimeshiba chakula chake."

"Wewe ulimuuliza tu," nilisema. "Mimi nilileta ushahidi."

Nikamalizia sharubu za mwalimu, safari hii zikiwa sawa, nikafunga duka. Tukaenda nyumbani pamoja, tunatembea polepole kama watoto waliovunja dirisha la jirani.

Refa alikuwa jikoni, mguu wenye bendeji ameuweka juu ya kigoda, anachambua mchele. Dada hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama: vitone, siku ya tano, karatasi, uvivu wa bakteria, sahihi zake tatu. Mwishoni akasema, "Nimekukosea, wifi. Kipimo changu kilikuwa kifupi, nikauona ukweli wako ndio mfupi."

Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilipofungua mdomo yalitoka maneno matatu tu: "Nisamehe, mke wangu."

Refa aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe moja, akalitupa dirishani. Akatoa jingine. Kisha akafuta mikono, akauvuta mkoba wake wa kazi uliokuwa umening'inia nyuma ya mlango tangu siku ya ajali, akapekua, akatoa kadi ya njano. Akainyanyua juu, mkono umenyooka kabisa, mbele ya pua yangu. Halafu akageuka, akamnyanyulia Dada.

"Mkipata ya pili, mnatoka," alisema.

Dada ndiye aliyeanza kucheka. Refa akafuata, huku machozi yanamshuka, akiyafuta kwa kiganja chenye vumbi la mchele mpaka uso ukawa mweupe. Mimi nilibaki na sinia la mchele mikononi, sijui nani alinipa.

Yaliyofuata hayakuwa ya siku moja. Daktari aliyasoma majibu mara mbili, akainuka ghafla na kujigonga kwenye taa. Akatuambia mfupa umeshaunga vya kutosha, kwa hiyo chuma kitoke, maana ndiyo nyumba yao. Na pale kilipokuwa pasafishwe. Kisha dawa mbili kwa pamoja, moja ya kuwafuata hata huko mafichoni, kwa miezi mitatu bila kuruka siku. Alimtazama Refa, akakohoa.

"Na mama, lile swali langu la vidonge... nilikosea kuliuliza vile."

"Uliza vizuri tu, daktari," Refa alimjibu. "Usiulize kama umeshahukumu."

Moja ya dawa zile iligeuza mkojo wake kuwa rangi ya chungwa. Hakuna aliyetuonya. Asubuhi ya kwanza nilisikia ukelele bafuni, nikakimbia nikijua safari hii nyoka ni wa kweli. Tulimpigia Dada, akacheka hadi akakata simu kwa bahati mbaya, akapiga tena: "Ni kawaida! Ni dawa!" Kuanzia hapo, kila asubuhi Refa alinitangazia rangi kutoka bafuni kwa sauti ya mtangazaji, ili, alisema, mpelelezi wa nyumba hii asipate taabu ya kuhesabu.

Mimi kuhesabu nilikwisha kuacha. Kazi yangu ikawa kuleta glasi ya maji na kusema "chukua," basi.

Dada naye alirudi kwenye madaftari ya maabara. Alikaa jioni kadhaa akitafuta wagonjwa wenye vyuma au mifupa yenye vidonda walioandikiwa "hakuna walioota" zaidi ya mara moja. Akapata sita. Wawili simu zao hazikupatikana. Wanne walikuja, na kati ya hao wawili, dereva wa lori na mama mmoja mpika keki, walikuwa nao walewale wanaojivuta. Yule mama alikuwa ameshaachwa na mchumba kwa sababu ya kidonda cha nyonga kisichopona. Mchumba alisema amerogwa. Dada alimwonyesha kile kisahani. "Mchawi wako huyu hapa," alimwambia. "Ana ukubwa wa nukta."

Mkuu wa maabara hakuomba radhi, hana mazoea hayo. Ila asubuhi moja watu walikuta ametenga rafu nzima kwenye kabati la joto, na karatasi imebandikwa: MIFUPA NA VYUMA, SIKU KUMI NA NNE.

Soksi haikulowa tena. Mwezi wa kwanza baada ya dawa kuisha tulikuwa tunaikagua kila jioni, mimi na yeye, vichwa vimegongana juu ya kifundo cha mguu. Mwezi wa pili tukawa tunasahau. Mwezi wa nne akaanza kukimbia kuzunguka uwanja asubuhi, kwanza kwa kuchechemea, kisha kwa kuchechemea kidogo. Muundi una shimo dogo pale kitundu kilipokuwa, na baridi ikiingia anausikia. Chama cha waamuzi kilimrudisha kwa hatua: mechi tatu ashike kibendera kwanza, ndipo apewe kipenga.

Siku ya kupewa kipenga Dada alisema anakuja. Hajawahi kutazama mpira hata mara moja maishani; alikuja na mwavuli, chupa ya maji na gazeti, endapo mchezo ungekuwa mrefu. Gazeti hakulifungua. Dakika ya kumi alikuwa amesimama juu ya benchi, anawashangilia wa bluu, anawatukana wa njano kwa adabu ya watu wa maabara. Refa alimpita karibu akikimbia, nywele zimefungwa nyuma, macho kwenye mpira, wala hakutuona. Nilimtazama mguu kila alipogeuka. Uligeuka.

Kipindi cha pili kilipokuwa kimeanza, na goli moja limeshaingia, Dada alinishika bega kwa nguvu.

"Kaka, huyu wifi haoni? Wa bluu wanashambulia goli lao wenyewe!"

"Wamebadilishana upande, Dada."

"Tangu lini?"

"Tangu mapumziko."

Akakaa chini taratibu, akafikiri.

"Na lile goli nililoshangilia sasa hivi?"

"La wale wa njano."

Akafungua chupa, akanywa maji, akatazama kulia na kushoto kama kuna aliyemsikia, kisha akasimama tena na kuanza kupiga makofi upya.